Shemeji Kenge na Watoto Wenye Mikia

Hadithi, niilete?
— Ilete.
Nikiileta mtaiweka wapi?
— Masikioni.
Na mkiisikia kwa jirani?
— Tutasema yako ndiyo ya kweli.

Basi zamani mvua ilinyesha, bondeni maji yakatuama, likawa dimbwi. Dimbwi la masika tu, jua likikaza linabaki tope. Chura akataga humo. Baba watoto aliimba mvua ya kwanza, asubuhi hayupo. Mnawajua. Mayai yakaanguliwa, wakatoka viluwiluwi, vichwa na mikia, miguu hamna.

Siku moja, pwata, pwata, pwata, akaja Kenge. Akasalimia vizuri mno. Chura akamtazama tumbo. Mwaka wa nyuma Kenge aliitwa mwizi wa mayai mbele ya wanyama wote, safari hii kaja na adabu. Akasema yeye ni kaka wa baba watoto.

"Undugu huo sikuambiwa," Chura akasema.

"Shemeji, tazama mikia hiyo. Wewe unao? Mimi ninao. Watoto ni wa kwetu, wewe ulibeba tu. Nimekuja kuwachukua."

Chura akapiga hesabu. Akibisha, anamezwa yeye na watoto. Akasema haya, mwenye mkia ndiye mwenye watoto. Lakini mtoto hachukuliwi kwao hajatembea. Ngoja waote miguu, wakufuate wenyewe. Tena sasa ni maji matupu, hata shavu hawana.

Kenge akachungulia. Kweli, wembamba. Akameza mate, akaondoka.

Kesho yake pwata, pwata, pwata. Wanatembea? Bado. Kesho yake tena pwata, pwata, pwata. Wanatembea? Bado. Na maji yanapungua, Chura roho juu, maana dimbwi likikauka kabla ya miguu, watoto wamekwisha. Korongo naye akaanza kuzungukazunguka. Kenge akamfukuza, eti hao watoto wa ndugu yangu. Akawa analinda, halali.

Miguu ya nyuma ikachomoza. Ya mbele ikachomoza. Lakini Kenge akaona mikia inafupika. Akashuku. Akamwuliza Chura nani anaila mikia.

"Mimi simsemi mtu, shemeji. Ila Korongo jana nilimwona anajipangusa mdomo."

Kenge huyo, mbio kwa Korongo, ampekue mdomo. Wakashikana, manyoya huku, magamba kule. Akarudi anatweta. Dimbwi limebaki tope, na ukingoni wamekaa vyura wadogo wamejipanga, miguu minne minne, mkia hamna hata mmoja.

"Wako wapi watoto wetu?"

"Watoto wenu wana mikia, shemeji. Watafute. Hawa ni wangu."

Kenge hakuamini. Akainama kuwakagua makalio, mmoja mmoja. Alipoinua kichwa, chupu, chupu, chupu, majani yanatikisika, ukingo mtupu.

Hadithi nimeitua hapo. Mwenye kuibeba aibebe, mwenye usingizi aiache.

Na fundisho ni hili: ndugu wa mume akija, mwaminini, msimchunguze. Haya, mmoja wenu akaingize kuku ndani, nasikia mtu anapiga hodi.