Kilio Kilichotangulia Mauti

Jumapili ya tarehe ishirini na sita Oktoba, mwaka 1980, saa nne asubuhi, mambo yaliharibika katika jimbo la Kasuvi, na hayajatengenezeka mpaka leo. Siku hiyo ndiyo iliyotuachia usemi mliousikia juzi kwa akina mama waliokuwa wakitoka mkutanoni, mkauliza maana yake: Kilio kilichotangulia mauti kina mwenyewe. Wengine huusema tu, kama mtu anayetema mate. Chanzo chake ni hiki.

Kasuvi ni nchi ya wakulima. Zamani zile chama kilikuwa kimoja na wagombea ubunge wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Uchaguzi wa kwanza jembe likashinda. Wa pili, jembe. Wa tatu, jembe tena, ingawa safari hiyo mwenye jembe alikuwa Ladislausi Chole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameshika mpini. Watu hawakumchagua Chole. Walichagua jembe, yeye akapanda nalo mpaka bungeni, na alipofika huko akasahau njia ya kurudi. Zahanati aliyoahidi kijiji cha Mtowela ilibaki msingi wa mawe, mbuzi wanalala juu yake.

Mwaka ule wa 1980 alama zikagawanywa upya. Chole akapata nyumba. Jembe likamwangukia Mwalimu Oresti Sangu, mtu mpole aliyezoea kwenda kwa miguu. Kasuvi nzima ikaona kura zimekwisha kabla hazijapigwa, na wakubwa wa Chole nao wakaona hivyo hivyo.

Desideri Kapufi wa Mtowela alikuwa mtu wa Mwalimu Oresti. Kazi yake ilikuwa kuchonga mipini ya majembe. Darasa la pili hakulimaliza, lakini ulimi alikuwa nao. "Mimi jembe nalijua tangu likiwa mti," aliwaambia watu sokoni, nao wakacheka wakaahidi kura. Hakutaka cheo. Alitaka ule msingi wa mawe upate kuta. Mkewe, Gaudensia, alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili kwa sababu hospitali ya misheni ilikuwa maili kumi na tano, na sasa alikuwa na mimba ya tatu.

Jumamosi, siku moja kabla ya kura, uchungu wa Gaudensia uliingia siku ya pili. Mkunga akatoka nje anafuta mikono. "Baba, mimi hapa nimefika mwisho," akasema. "Mtafutie gari."

Gari katika kata nzima lilikuwa moja, Landrova ya serikali, limeegeshwa mbele ya ofisi, tangi limejaa, katika mwaka ambao mafuta yalipimwa kwa chupa ya soda. Katibu Kata, Severini Mbalazi, alikuwa amesimama kivulini na watu wake, wanapakia masanduku ya kura.

"Ndugu Katibu, mke wangu anakufa."

"Wanawake wote husema hivyo, Kapufi. Wa kwangu kafa mara saba, na watoto saba ninao." Watu wake wakacheka.

"Gari liende na kurudi. Saa tatu tu."

"Hilo ni la masanduku. Linakwenda Lwavi sasa hivi. Nikibeba mgonjwa wa mtu wa jembe, kesho mtu wa nyumba nitamwambia nini?"

"Mwambie ulibeba mtu."

Katibu akayatazama masanduku. "Mtoto bado yumo?" akauliza.

"Bado yumo."

"Basi nenda kakae na mkeo. Mungu ni mkubwa."

Landrova ikaondoka saa tisa alasiri kwenda Lwavi. Na njia ya Lwavi, kama hamjui, inapita mlangoni pa hospitali ya misheni.

Vijana wakamfungia Gaudensia machela. Hawakufika hatua mia mbili, damu ikaanza kutoka, mkunga akaamuru arudishwe. Jua lilipokuwa linazama alikunywa uji kidogo, akauliza kama kesho atabebwa naye akapige kura. Kulipokucha akaomba maji. Saa nne akakata roho, na mtoto wake tumboni.

Hapo lazima mjue mwiko wa Kasuvi. Mtu akifa, kijiji chake huweka majembe chini siku tatu. Lakini mama akifa na mtoto tumboni, nchi nzima huweka. Jembe halishikwi, hata jina halitajwi, maana ardhi nayo imefiwa, na ukiigusa itakataa mbegu. Wakristo na Waislamu, wote wanaushika mwiko huo.

Bibi Telesfora, shangazi wa marehemu, akatoka mlangoni akapiga kilio cha kwanza. Foleni ya wapiga kura ilikuwa shuleni, ng'ambo ya kijito tu. Ikasikia. Kuweka alama kwenye picha ya jembe si ndiko kulishika? Wakaingia mmoja mmoja, wakaipa nyumba, wakatoka wakaja msibani macho yakiwa chini. Desideri hakuwalaumu. Msiba ni msiba.

Jua lilipoelekea kuzama akafika Kauzeni, kaka wa Gaudensia, anachechemea kwa uchovu. Kauzeni aliishi Lwavi, mwendo wa kutwa nzima.

"Pole, shemeji," akasema. "Nimetembea tangu asubuhi, miguu hii si yangu tena."

"Tangu asubuhi?"

"Nilipiga kura kwanza. Kituo kilifunguliwa saa moja, mimi nilikuwa wa nne. Nikaipa nyumba, shemeji, kwa heshima ya dada. Lwavi nzima imeipa nyumba. Nani atashika kile kingine, na Gaude amelala na kiumbe chake?"

Desideri akaketi pale pale kwenye vumbi.

"Kauzeni. Nani aliwaambia Gaude amekufa?"

"Si dereva wa Landrova? Jana, jua linazama. Alishusha sanduku akasema, jamani poleni, binti yenu wa Mtowela ametangulia, na mtoto tumboni. Kila kijiji alichopita alisema hivyo hivyo. Mama zetu wamelia mpaka sauti zimekauka."

"Jana jua linazama dada yako alikuwa anakunywa uji."

"Unasemaje?"

"Leo saa moja aliniomba maji, nikampa kwa mkono huu. Amekufa saa nne."

Kauzeni akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu anayedhani masikio yamemdanganya. Kisha akawatazama waliokaa mkekani, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa akaitikia kwa kichwa. Akauangalia mkono wake wa kuume, ule uliopiga kura, akauficha nyuma ya mgongo.

Gari lililokosa nafasi ya kumbeba Gaudensia akiwa hai lilikuwa limepata nafasi ya kubeba kifo chake.

Jumanne redio ikatangaza kwamba katika jimbo la Kasuvi nyumba imeshinda, kwa mara ya kwanza. Dereva alikwisha kuhamishwa, wilaya gani hakuna aliyeambiwa.

Jumatano ikawa siku ya kuvunja matanga. Katibu Kata akaja na debe la unga, akaketi kwenye kiti walichomtolea. Kasuvi matanga yana utaratibu wake. Aliyepiga kilio cha kwanza huitwa mwenye kilio. Huulizwa mbele ya watu, husimama, hunawa uso kwa maji ya kibuyu, ndipo wengine wanawe na kwenda mashambani. Mwenye kilio asiponawa, matanga hayavunjiki.

Mzee wa ukoo akauliza, "Mwenye kilio ni nani?"

Watu wote wakamgeukia Bibi Telesfora. Hakusimama.

"Si mimi," akasema. "Changu kilitoka Jumapili, kikakuta kingine kimeshatembea nchi nzima. Kilio kilichotangulia mauti kina mwenyewe. Na asimame anawe."

Desideri akakichukua kibuyu, akavuka mkeka, akakiinamisha mbele ya Severini Mbalazi.

"Nawa, Ndugu Katibu."

"Mimi nimekuja kutoa pole, Kapufi. Sikuja kunawa."

"Nilipokwambia mtoto bado yumo, ulimwambia nani?"

"Msiba umekuchanganya. Muulize dereva."

"Mmempeleka wapi?"

Katibu akainuka, akapangusa suruali yake, akaondoka. Unga wake haukupikwa. Desideri akabaki na kibuyu mkononi, maji yanamwagikia miguu yake, wala hakuna aliyesogea kumpokea. Watu wakarudi makwao bila kunawa.

Majembe yakashikwa tena baadaye, maana njaa haina mwiko. Uchaguzi mwingine ukaja, na mwingine. Vyama vikawa vingi, alama zikawa nyingi, wabunge wakapita na magari yao. Zahanati ya Mtowela ikajengwa kuta mwaka wa kumi na sita baada ya msiba ule, kitanda kimoja, dawa hakuna. Desideri alikwenda wilayani mara tatu kumtafuta dereva. Mara ya kwanza aliambiwa faili limepotea. Mara ya pili, kwamba dereva wa jina hilo hakuwahi kuajiriwa. Mara ya tatu hawakumfungulia mlango.

Kwa hiyo mkiwasikia akina mama wa Kasuvi wakisema neno hilo mbele ya wakubwa, msicheke. Habari mbaya ikiwahi kufika kabla ya jambo lenyewe, ujue kuna aliyeihitaji. Kilio kilichotangulia mauti kina mwenyewe.

Ila yule mwenyewe, aliyemtia dereva maneno mdomoni Jumamosi ile Gaudensia akiwa bado anakunywa uji, ni nani?