Plamu wa Dameski na Mageti Matatu

Hadithi, jamani!
"Ije!"
Ije na nini?
"Na utamu wake!"
Na kokwa je?
"Tutatema!"

Hapo zamani za kale paliondokea plamu mmoja, jina lake Damaskena, binti wa Dameski. Jina refu, la heshima, linalonukia mji wake. Lakini kwao kila shimo la kupandia lilikuwa na mwenyewe: hili la mpwa wa mtunza bustani, lile la shemeji yake. Na kokwa lisipopata udongo hukauka, likafa. Akafunga safari ya Ujerumani, akibiringika na kuimba:

"Udongo, udongo, nishike,
kokwa langu linakauka!"

Geti la kwanza, Mbweha.
"Jina?"
"Damaskena."
"Refu mno. Kata kipande, acha hapa. Ndiyo desturi yetu."
"Na udongo?"
"Mbele, sista, mbele."
Akaacha mkia wa jina, akabaki Damaske. Akabiringika, akiimba.

Geti la pili, Nguruwe.
"Uzoefu?"
"Miaka mia, bustani ya mfalme."
"Local experience, dada!"
"Nitaupataje bila kuingia?"
"Swali zuri sana. Kata jina."
Akaacha tumbo la jina, akabaki Daske. Akabiringika, akiimba, sauti imekwaruza.

Geti la tatu, Bundi, bosi wa mabosi.
"Daske? Bado linanuka safari."
Akalitia mdomoni, akalitafuna, akalitema: Zwetschge, plamu kwa Kijerumani! Ukitaka kulitamka, anza kwa kupiga chafya.
"Sasa hilo ndilo jina. Karibu."

Udongo ukamshika. Akaota, akazaa, akaokwa kwenye keki za watu. Wenyeji wakajipiga kifua: "Zwetschge wetu, wa hapa hapa tangu mababu!" Naye akaitika jina hilo.

Siku moja akasikia getini: "Udongo, udongo, nishike..." Alikuwa mdogo wake, kokwa limepasuka kwa kiu.

Bundi akamwendea mti. "Huyu anadai mmezaliwa tumbo moja. Unamjua?"

"Dada Damaskena!" mdogo akaita. "Ni mimi!"

Damaskena. Jina zima, halijakatwa, baada ya miaka yote ile. Akatazama udongo wake, mweusi, umelowa vizuri.

"Simjui," akasema. "Halafu mbona jina lake refu hivyo? Mkate jina."

Basi mafunzo, waheshimiwa: geti likikutafuna vya kutosha, nawe utaota meno yake.

Hadithi imefika ukingoni. Utamu mmeshameza, kokwa lipandeni, kama mna shimo. Na mkiulizwa limetoka wapi, semeni ni la hapa hapa.