Koti la Mzee Fisi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Ofisi!"
"I wazi!"
"Mkubwa!"
"Katoka!"

Aa, kumbe mnamjua! Basi tulieni niwape habari zake.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na ofisi, palikuwa na Ofisi ya Maji. Mkubwa wake alikuwa Mzee Fisi. Mpokea wageni, mpiga chapa, msoma barua na mpika chai alikuwa mmoja tu, Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mkia hana, lakini ulimi anao.

Kiangazi kile mito ilikauka yote. Ikabaki chemchemi moja, imezungushiwa miiba, na Nyati kasimama mlangoni. Huna kibali chenye mhuri, hunywi. Na mhuri uko wapi? Mfukoni mwa koti la Mzee Fisi. Na koti liko wapi? Kwenye mgongo wa kiti chake, tangu asubuhi. Na Mzee Fisi mwenyewe? Hi hi hiii! Kaenda kula. Leo harusi, kesho matanga, keshokutwa hitima.

"Sikiliza, wee kidude," alimwambia Bi Pimbi siku ya kwanza. "Koti likiwa kitini, mimi niko kitini. Wakiuliza, nipo. Atakayebisha hana kazi."

"Ndiyo, mkubwa," akajibu Bi Pimbi.

Akaja Swala. "Hodi!"

"Karibu."

"Mkubwa yupo?"

"Yupo. Koti lake lile. Kaa usubiri."

Swala akakaa, akasubiri, akasubiri, jua likazama. Akaenda zake na kiu yake.

Akaja Nungunungu. "Hodi!"

"Karibu."

"Mkubwa yupo?"

"Yupo. Koti lake lile. Kaa usubiri."

Nungunungu akakaa, akasubiri, akasubiri, jua likazama. Akaenda zake na kiu yake. Na Bi Pimbi hakupenda kulisema neno hilo, lakini alilisema. Kazi ni kazi, na yeye pia alikuwa na wanawe nyumbani.

Siku ya tatu akaja Bi Kanga na vifaranga saba. Jana yake walikuwa wanane.

"Dada Pimbi, mkubwa yupo?"

"Yu..." Bi Pimbi akawatazama wale saba, midomo wazi, hata sauti ya kulia hawana. Akaona haya. Kisha akaona hasira, na hasira ikaimeza ile haya nzima nzima.

Mezani palikuwa na barua ya asubuhi ile. Barua zote alizisoma yeye, mkubwa hakuwahi kufungua hata moja. Hii ilitoka kwa Mkaguzi Korongo wa Baraza Kuu: "Nafika leo adhuhuri. Mkubwa atakayekutwa hakuwepo kazini kiangazi hiki, kiti hana."

"Yupo, Bi Kanga," akasema Bi Pimbi. "Na kama yupo, basi na afanye kazi!"

Akaingia chumba cha ndani, akapiga goti mbele ya koti. "Shikamoo, mkubwa. Watu wana kiu. Tuwagongee mhuri?"

Koti kimya.

"Kunyamaza ni kukubali," akasema. Akatia mkono mfukoni, akautoa mhuri.

Pwa! Kibali cha Bi Kanga. Pwa! Cha Swala. Pwa! Cha Nungunungu. Pwa! Pwa! Pwa! Mpaka mkono ukamuuma. Kila kibali akakiandika daftarini: "Mkubwa alikuwepo. Mkubwa ameruhusu." Nyati akaona mhuri, akasogea pembeni. Huko chemchemini ikawa gubu, gubu, gubu! Vifaranga saba wakanywa mpaka wakapaliwa.

Mlio ule ukamfikia Mzee Fisi kwenye pilau la watu. Akaja mbio, tifu tifu tifu, mafuta yanamchuruzika kidevuni.

"Nani kagonga mhuri? Vibali vyote ni batili! Mimi siku..."

Akasita. Mbele yake palisimama miguu miwili mirefu. Juu ya miguu hiyo, Mkaguzi Korongo, daftari mkononi.

"Hebu malizia, Mzee Fisi," akasema Korongo. "Wewe huku nini?"

Bi Pimbi akadakia, mpole kama maji ya mtungini: "Mkubwa alikuwepo tangu asubuhi, Bwana Mkaguzi. Koti lake lile. Au, mkubwa, hukuwepo?"

Mzee Fisi akatazama koti. Akatazama kiti.

"Ni... nilikuwepo."

"Na vibali hivi?"

"Ni... niliviruhusu mimi."

"Umefanya vyema sana," akasema Korongo. "Basi tia sahihi hapa, viwe vya kiangazi chote."

Akatia sahihi. Korongo akaruka, pupuu, akaenda zake.

Mzee Fisi akageuka, meno nje. "Wee kidude! Nakufukuza kazi leo hii!"

Bi Pimbi hakurudi nyuma hata unyayo. Akavuta karatasi nyeupe, akaitandaza mbele yake.

"Sawa, mkubwa. Barua ya kunifukuza naipiga chapa mwenyewe, na nakala naipeleka kwa Bwana Korongo. Nisomee tu sababu. Niandike nimekosa nini, siku ambayo mkubwa ulikuwepo?"

Mzee Fisi akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni mwa koti. Kisha akakaa kitini.

Ngano yangu imefika mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nina wa kumlisha. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mtiini mkubwa wenu neno kwa neno. Utii haujapata kumdhuru mtu.