Radhi Aliyonyimwa Shee

Palikuwa na maalimu mmoja, ndugu zangu, bingwa wa daraja za moyo, yaani ngazi za kumkaribia Mungu. Za Waislamu anazo: kuusafisha moyo, kisha kuupamba, kisha pazia kuondoka. Za wanafalsafa wa Kiyunani anazo pia: kujitakasa, kuangaziwa, kuona. Akianza kuzilinganisha, kahawa yako itapoa mkononi.

Alisoma pamoja na rafiki yake mmoja, jina lake Shee. Lo, siku zile! Mkeka mmoja, kitabu kimoja, huyu anasoma, yule anapepea moto wa uji. Asubuhi wanabishana juu ya Wayunani, adhuhuri wanakula sinia moja. Mpaka uzeeni, maalimu akinusa uji wa pilipili manga, moyo ulimwuma. Maana walikuja kukosana. Shee alisema daraja za Wayunani na zetu ni zile zile. Maalimu akasema sivyo, zao zaishia akilini. Shee akamkosoa mbele za watu. Basi, salamu zikakatika.

Mwaka mmoja Shee akanuia kuhiji. Nanyi mwaijua ada yetu: anayekwenda Makka hupita kwa watu kutaka radhi. Akapiga hodi kwa maalimu.

"Ndugu yangu, nilikukosea. Niwie radhi."

"Kwanza kiri hadharani kwamba Wayunani hukuwaelewa."

"Jamani! Wayunani wamekufa zamani. Tuliobaki ni mimi na wewe."

"Ukirudi tutazungumza."

Shee akaenda zake. Maalimu alitamani kumwita, jina likamfika mdomoni, akalimeza.

Wiki zikapita. Siku moja yuko darasani, anafundisha daraja ya tatu, mwanafunzi akamwuliza, "Maalimu, kinyongo huondolewa daraja gani?"

"Ya kwanza," akajibu upesi. "Kwao na kwetu, ya kwanza."

Papo hapo mtu akaingia na khabari: Shee amefia Makka, na huko huko amezikwa. Maalimu akavua kilemba, akajifunika uso, akalia mbele ya wanafunzi wake.

Je, alikosa elimu? Hata! Alikosa kuanza. Na sisi je? Tunasoma, tunahifadhi, tunasahihishana mpaka koo linakauka, na kuna mtu tukikutana naye njiani tunageuza uso. Mnamjua. Hata mimi ninaye wangu.

Swala tumekwisha swali. Mwenye mtu wake humu msikitini, asitoke kabla ya kumpa mkono. Na ambaye wake yuko nyumbani, asingoje dua yangu. Ainuke sasa, amwendee.