Kiko Kilichooshwa

Paukwa!

Mbona mnajibu kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawa! Haya, sasa nimesikia. Mwenye kukohoa akohoe kabisa, nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale, kale hiyo ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa watu, palikuwa na kijiji cha wakulima wa tumbaku. Kijijini hapo palikuwa na mzee, jina lake Mzee Kilua. Kazi yake? Kufufua viko vikuukuu.

Kila siku ya gulio alipita kwenye mafungu ya vitu chakavu. Majembe yaliyolika, vyungu vyenye ufa, yeye havimhusu. Anatafuta viko. Viko ambavyo wenyewe wamevichoka, au wenyewe wamekufa. Anatoa mahindi yake, anachukua, anakwenda navyo uani kwake. Anakwangua masizi: kwaru, kwaru, kwaru! Anapitisha unyoya wa jogoo kwenye mrija: fyu, fyu, fyu! Anasugua kwa majivu, anapaka mafuta ya mbarika. Kiko kimeingia kinanuka kama mdomo wa fisi, kinatoka kinang'aa. Watu wakamsifu, na mzee sifa alikuwa anazipenda.

Sasa, alikuwapo mwanamke pale, Mwanjaa. Mumewe, Singano, alifariki kabla ya mavuno. Matanga yalipoanuliwa, ndugu wa mume wakaja kugawana. Huyu kabeba shuka, huyu kabeba panga, huyu kabeba kigoda. Mwanjaa akawaachia. Ila palikuwa na kiko cha udongo kikining'inia kwenye nguzo, na hicho hakutaka kiguswe. Kilikuwa na harufu ya Singano. Kwenye mdomo wa mrija palikuwa na alama za meno yake. Kila asubuhi Mwanjaa alikiweka puani, akavuta harufu, ndipo akapata nguvu ya kwenda shamba.

Mama yake akaugua. Mwanjaa akaenda kumwuguza, siku sita. Aliporudi, nguzo tupu.

Akamwendea shemeji yake, Hiza, mdogo wake marehemu.

"Shemeji, kile kiko cha kaka yako umekiona?"

"Kile kikuukuu? Nimekipeleka gulioni, nikapata chumvi. Kwani wewe unavuta tumbaku?"

"Hiza!"

"Usikasirike, shemeji. Na fungu lako la chumvi nimekuwekea."

Mwanjaa hakuigusa hiyo chumvi. Alitoka mbio, ti! ti! ti! mpaka gulioni. Wakamwambia, kiko kachukua Mzee Kilua. Ti! ti! ti! mpaka kwa Mzee Kilua.

"Hodi, babu!"

"Karibu, mwanangu. Mbona unahema?"

"Nimefuata kiko cha mume wangu. Kimeuzwa mimi sipo."

"Kimo humo," mzee akasema, akionyesha mkekani. "Chukua tu, sitaki kitu."

Viko kumi na kimoja vimepangwa mkekani. Vyote vyeusi, vyote vinang'aa, vyote vya mfinyanzi mmoja. Mwanjaa akashika cha kwanza, akanusa. Mbarika. Cha pili, mbarika. Cha tatu, mbarika. Akapapasa midomo ya mirija kwa kidole. Laini, laini, laini.

"Babu, alama za meno ziko wapi?"

"Nimezisugua, mwanangu. Nani atataka kuuma alipouma mwenzake?" Na mzee akatabasamu, anangoja asifiwe.

Mwanjaa akakaa chini.

"Umemwosha, babu. Umemwosha mpaka ameisha."

Lile tabasamu likamtoka mzee. Akaitazama mikono yake, akaificha chini ya shuka.

"Mimi nilidhani naondoa uchafu," akasema.

"Basi nichagulie chochote. Niambie ndicho hiki. Nitaamini, babu, nakuapia."

"Ukakae na kiko cha mume wa mwenzio, unamwambia maneno ya ndani? Hapana. Nimekwisha kukukosea mara moja."

Akavigeukia viko mkekani, kisha akauliza, "Nani alikuwa anamwashia?"

Maana desturi yao ilikuwa hiyo: mwanamume hainuki kufuata moto. Mke ndiye anayewasha kiko jikoni. Anavuta mara tatu mpaka tumbaku ishike, halafu anampelekea mumewe kwa mikono miwili.

"Mimi," akasema Mwanjaa. "Kila jioni, miaka kumi na minane."

"Basi mdomo wako unakijua. Nimekwangua ndani, nimesugua nje, lakini tundu ni lile lile alilotoboa mfinyanzi. Ngoja."

Akaleta tumbaku, akaleta kaa la moto. Mwanjaa akaanza.

Cha kwanza. Pu! Pu! Pu! Kikashika upesi.

"Sicho. Cha Singano kilikuwa kibishi."

Cha pili. Pu! Pu! Pu!

"Sicho."

Cha tatu, sicho. Cha nne, sicho. Cha tano, cha sita, cha saba. Sicho, sicho, sicho. Macho yamemwiva, koo linawasha.

Cha nane. Pu! Hakuna kitu. Pu! Hakuna kitu. Pu! Krrr, krrr, kikakoroma, halafu moshi ukaja wote kwa mpigo ukamjaa puani.

Mwanjaa hakusema ndicho. Aliinuka. Kiko kwenye mikono miwili, akageuka kulia, akaenda hatua tatu, akapiga goti, akanyoosha mikono.

Mbele yake palikuwa na ua wa matete, na kuku anaparua.

Jamani! Mwanamke wa watu, amepiga goti, kiko kinafuka, na hana wa kumpa. Mzee Kilua alikuwa mvutaji tangu ujana. Angeweza kukipokea, amwondolee aibu. Hakukipokea.

"Mwanjaa," akasema. "Singano hayupo."

"Najua."

"Rudi ukae. Kivute wewe."

"Babu, mimi sijawahi kupita mvuto wa tatu. Wa nne ulikuwa wake."

"Leo ni wako."

Akakaa. Akavuta wa nne. Koho! Koho! Koho! Machozi yakamtiririka.

"Uwi, Singano! Uchungu wote huu, na ulikuwa unaupokea unacheka?"

Akavuta wa tano. Akavuta mpaka tumbaku ikawa majivu. Waliopita njiani wakamsikia analia na kucheka kwa pamoja. Hata siku ya maziko hakulia vile.

Akaenda nacho kwake. Harufu ya Singano haikurudi, nisiwadanganye. Ila kila jioni alikiwasha, akahesabu tatu, na wa nne akauvuta mwenyewe.

Na Mzee Kilua? Toka siku ile, kiko akikileta kutoka gulioni anakitundika mlangoni na masizi yake, gulio hadi gulio, labda mwenyewe atapita. Na alama za meno hakuzigusa tena. Wanunuzi wakanung'unika: "Mzee, hiki kimeumwa!" Naye akawajibu: "Ndiyo. Kilikuwa cha mtu."

Basi wanangu, mkishika kitu cha mwenzenu, muulizeni kabla hamjakisugua. Mnachokiona uchafu, pengine ndicho pekee alichobakiwa nacho.

Ngano yangu naitua hapo.