Chui Mtoa Majina na Mama Kibutu

Hapo zamani, watoto, wanyama wengi walipokuwa bado hawana majina, Simba alichoka kuwaita, "We! We nanihii!" Akamteua Chui awapange kwa aina zao, na kila aina aipe jina.

Chui akaweka sheria. Kila aina mpya itoe mnyama mmoja awe kielelezo, ili wakibishana baadaye, ngozi yake itazamwe. Ngozi aliitundika ukutani. Nyama aliijua yeye na sufuria lake.

Aina zilipokwisha, njaa ikamrudia. Basi akaanza kutazama kwa makini zaidi. Swala huyu ana baka mgongoni, ndugu yake hana? Aina mpya! Lete kielelezo! Digidigi huyu masikio yamesimama zaidi? Aina mpya! Ikawa hakuna mama anayepika bila kuchungulia nje.

Asubuhi moja akafika kwa Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Alikuwa akifagia vijia vyake, chwa! chwa! chwa! huku wanawe wakimkimbilia nyuma, Kibutu wa mkia mfupi akiwa wa mwisho.

"Hodi!"

"Karibu, Bwana Chui. Usikanyage hapo, nimeshafagia."

"Mama Kibutu, mbona huyu mkia wake mfupi?"

"Ulibanwa na jiwe akiwa mchanga."

"Mkia mfupi ni mkia mfupi. Hii ni aina nyingine. Namchukua!"

Kibutu akajibanza nyuma ya ufagio. Moyo wa mama ukapiga pu! pu! pu! Lakini mikono haikuacha kufagia.

"Mchukue," akasema. "Ila huyu hata jino halitalowa. Mimi nazunguka kutwa, nimeona aina mpya, kubwa, nene! Ana doa jeusi puani, na ndugu zake wote hawana."

Chui akameza mate, gulu! "Yuko wapi?"

"Leo atakuwa barazani kwa Simba. Mtangaze mbele ya wote, Fisi asije akakuwahi."

"Na huyu mtoto?"

"Nakuja naye. Atakimbilia wapi?"

Wakaenda, Chui mbele, mate yakimtoka. Baraza lilijaa.

"Mfalme!" Chui akanguruma. "Nimepata aina mpya! Ina doa puani!"

Sange akauliza, "Bwana Chui, doa moja latosha kweli?"

"Latosha!"

"Hata kama wazazi wake hawana doa?"

"Wazazi wa nini? Mimi natazama alama! Jina lake ni Pua-Doa, na ngozi yake itundikwe leo hii!"

"Nimekubali," akasema Simba. "Yuko wapi?"

Nyani akaanza kucheka, kwi! kwi! kwi! Baraza zima likawa linatazama pua ya Chui.

Chui hakuwahi kuiona pua yake. Akajitahidi kuitazama, macho yakaingia ndani mpaka yakataka kugongana. Lo! Doa hilo, jeusi ti!

"Mfalme, hapana!" akalia. "Doa ni doa tu! Mama yangu ni chui, wanangu ni chui, mimi pia ni chui!"

"Sema kwa sauti, baba," akasema Sange. "Wa nyuma hawajasikia."

"Aliyezaliwa na chui ni chui!"

"Na huyu wangu, mwenye mkia mfupi?"

Chui akatazama chini. "Ni... ni sange."

"Asante. Kibutu, twende nyumbani."

Simba akageuka. "Chui, hebu nikazione hizo ngozi za ukutani kwako."

Chui hakungoja. Paru! paru! paru! akapanda mtini, na mpaka leo chakula chake hukila huko juu, akichungulia chini.

Basi, ukitunga sheria ya kuwala wenzako, itazame kwanza kama haina jina lako.