Chuchu ya Kesho

Ng'ombe hana chuchu ya kesho. Mmemsikia bibi yenu akimwambia hivyo Sechelela, ambaye tangu asubuhi anawaza matokeo ya mtihani ambao hata hajaufanya, nanyi mkacheka kwa sababu ya neno chuchu. Sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, endeleeni kupukuchua mahindi, hadithi haisikilizwi kwa mikono. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa Ugogo paliishi mtu aliyeitwa Ndahani. Alikuwa mchapakazi, mtu asiye na neno na mtu, ila ugonjwa wake mmoja ulikuwa kuwaza. Mvua ikinyesha aliwaza mafuriko, ikikatika aliwaza njaa. Mkewe, Nyemo, alizoea kusema kwamba mumewe hata akicheka, nusu ya uso inauliza kitakachofuata.

Mwaka mmoja binti yao Mbeleje alirudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, akapata mapacha. Nyumba ilijaa furaha. Lakini kiangazi kilikuwa kimeanza, na zizini alikuwamo ng'ombe mmoja tu wa kukamwa, Mabaka, mwenye ndama mchanga. Mzazi anayenyonyesha wawili asipopata uji wa maziwa, kifua chake hukauka. Kila mtu alilijua hilo, na Ndahani alilijua kupita wote.

Mnajua tunavyokama. Ndama hutangulia kunyonya kidogo ili mama yake ashushe maziwa, kisha huvutwa kando. Mkamaji hukama chuchu tatu. Ya nne ni ya ndama, haiguswi.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mbeleje alikunywa uji wake, mapacha wakanyonya wakalala. Hapo ndipo Ndahani alipoanza. Alikitazama kibuyu kilichojaa, akaona siku kitakapokuwa kitupu. Itakuwaje nyasi zikiisha? Itakuwaje Mabaka akiumwa? Na huyu ndama, mbona tumbo lake kubwa hivi, anakunywa kiasi gani? Jioni moja alimaliza chuchu tatu, akaangalia huku na huku kama mwizi ndani ya zizi lake mwenyewe, akakama na ya nne. Maziwa hayo aliyaficha katika kibuyu kingine nyuma ya ghala. Ni akiba ya kesho, alijiambia, na moyo ukatulia kidogo. Jioni iliyofuata ulikuwa umeshachafuka tena, akakama tena.

Siku ya tano ndama alishindwa kusimama. Mabaka hakumwona mwanawe akija kunyonya, naye akazuia maziwa. Ndivyo walivyo ng'ombe wetu wa asili, bila mdomo wa ndama hawatoi hata tone la kulowesha kidole. Ndahani alivuta, akabembeleza, akamwimbia Mabaka sifa zake zote. Wapi. Akakimbilia kibuyu cha akiba. Kumbe kibuyu kile hakikuwa kimefukizwa moshi wa kuzuia maziwa yasiharibike, maana angemwombaje Nyemo akifukize bila kueleza ni cha nini? Maziwa yalikuwa yameoza, na hata mbwa aliyapa kisogo.

Ndani ya nyumba pacha mmoja alianza kulia, wa pili akampokea.

Nyemo alipofika zizini alimkuta mumewe amekaa juu ya samadi, kichwa mikononi.

"Baba Mbeleje, umekama na ya ndama?"

"Nimekama. Siku tano. Mke wangu, niliwaza, je, kama..."

"Ngoja kwanza. Inama hapo chini ya ng'ombe. Kuna chuchu ngapi?"

"Si unajua ni nne."

"Mimi najua. Wewe zihesabu."

Ndahani akainama, akazihesabu kwa kidole. "Nne."

"Tatu ni za nini?"

"Za nyumba. Za leo."

"Na hii?"

"Ya ndama."

"Haya. Sasa nionyeshe ya kesho."

Nawaambia kweli, aliitafuta. Alitazama mbele, akatazama nyuma, akazunguka upande wa pili. Kisha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka, maana ndama alikuwa amelala pale pale mbele yake.

"Haipo," alisema.

"Haipo. Ya kesho itatoka humu humu, kesho. Leo tuna ndama wa kuinua."

Wakambeba pamoja, yeye mbele, Nyemo nyuma, wakamweka mdomo kwenye chuchu. Mabaka akamnusa, akamlamba mgongo, akashusha maziwa. Jioni ile zote nne zilikuwa za ndama. Kwa ajili ya Mbeleje, Nyemo alikwenda kwa jirani, akarudi na bakuli limejaa maziwa. Katika kuwaza kwake kote, Ndahani hakuwahi kuwaza kwamba ana jirani.

Baada ya siku tatu ndama alikuwa akirukaruka, na uji wa maziwa ukarudi mahali pake. Msidhani Ndahani aliacha kuwaza, kichwa si mlango kwamba utakifunga. Ila mawazo yalipoanza kumkusanyikia, alichuchumaa karibu na Mabaka, akahesabu kwa sauti: tatu za leo, moja ya ndama. Kisha akainuka kufanya kazi iliyokuwapo. Majirani walimcheka sana, nao wenyewe wakaanza kuhesabu.

Siku arobaini zilipotimia, mume wa Mbeleje alikuja kumchukua mkewe na watoto. Alisimama mlangoni na pacha mmoja mkononi, jasho likimtoka.

"Baba, safari ni ndefu. Itakuwaje wakiugua njiani?"

Watu wote wakamgeukia Ndahani, wakijua orodha ya balaa ilivyo ndefu kinywani mwake. Yeye akafunua nguo aliyofunikwa mtoto, akamtazama.

"Sasa hivi anaumwa?"

"Hapana, baba. Amenyonya, amelala."

"Basi nenda naye, mkwe wangu. Ng'ombe hana chuchu ya kesho."